Mtoto Mwenye Figo Mpya: Dawa, Madhara Yake na Ruhusa ya Mzazi



Katika mkutano mmoja wa tawi, mwenzetu mchuma chai alisimama. Binti yake wa miaka 13 alipandikizwa figo huko India, figo aliyotolewa na mama yake. Sasa binti anaficha vidonge chini ya godoro, kwa sababu wenzake shuleni wanamcheka uso. Naye baba kila akimpeleka kliniki, nyapara anamkata ujira wa siku hiyo. Akauliza: “Chama kinasemaje?”

Siku ile hatukuwa na la kusema. Sisi si waganga. Tukaenda kuuliza kwa wanaojua, na haya ndiyo tuliyoyapata.

KWA NINI DAWA HAZIISHI

Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Askari hao hawajui kwamba figo ile ni zawadi ya mama. Wanaiona ni adui aliyevamia. Dawa huwapunguza nguvu. Zikikatizwa, wataishambulia figo hata kama mtoto anajiona mzima. Kwa hiyo zinamezwa siku zote figo hiyo ikiwa inafanya kazi mwilini.

Figo ya kwanza kufanikiwa, huko Boston, Marekani, mwaka 1954, ilitoka kwa pacha wa kufanana na mgonjwa, kwa hiyo mwili haukuikataa. Wasio mapacha walihitaji dawa. Siklosporini, iliyotokana na kuvu wa udongoni, ilianza kupewa wagonjwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1978. Takrolimasi iligunduliwa Japani mwaka 1984. Jirani zetu wa Tanzania walianza kupandikiza figo Muhimbili mwaka 2017, na hapa Uganda Mulago ilianza mwaka 2023. Maana yake jambo hili limefika kwetu.

MADHARA YENYEWE

Prednisoloni huvimbisha uso ukawa mviringo, huongeza njaa na unene, hudhoofisha mifupa, na huweza kumdumaza mtoto asirefuke kama wenzake. Siklosporini huotesha nywele usoni na mikononi na kuvimbisha ufizi. Takrolimasi huweza kutetemesha mikono na kuleta ugonjwa wa sukari. Hizi mbili za mwisho hupandisha shinikizo la damu na, zikizidi, huumiza figo ile ile zinayoilinda. Ndiyo sababu damu hupimwa mara kwa mara.

Tena askari wakipungua nguvu, maradhi hupata njia. Tetekuwanga au surua, ambayo kwa mtoto mwingine hupita, kwa huyu ni hatari kubwa. Homa yoyote apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo zenye vijidudu hai, kama ya surua, kwa kawaida hutolewa kabla ya kupandikizwa. Baada ya hapo asipewe chanjo yoyote bila idhini ya daktari wake.

Yule binti, basi, hakuwa mkaidi. Kwa msichana wa miaka 13 kuchekwa uso si jambo dogo, na madaktari wanajua kwamba vijana wengi huacha dawa kwa sababu hiyo. Lakini dawa haiachwi nyumbani kimya kimya. Daktari huweza kupunguza kipimo au kubadili dawa, ila lazima aambiwe ukweli, pamoja na vidonge vilivyofichwa.

MZAZI AYAKUMBUKE HAYA

1. Dawa hizi nyingi humezwa mara mbili kwa siku, kwa saa zile zile: tuseme saa moja asubuhi na saa moja jioni.
2. Asubuhi ya kupima damu, dozi ya takrolimasi au siklosporini isimezwe mpaka damu itolewe. Mchukue nayo.
3. Asile balungi, linapandisha dawa katika damu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huishusha. Mweleze kila mganga, na usimpe mitishamba bila kuuliza.

NA SISI JE?

Mchuma chai anatoka nyumbani kabla ya saa moja. Nani atampa mtoto dawa? Mama wa zamu ya usiku kiwandani naye atampaje ya jioni? Hapa ndipo kazi ya chama inapoanza. Tawi letu limemwandikia mwajiri kudai mambo mawili: siku ya kliniki ilipwe mzazi akileta kadi ya hospitali, na mzazi wa mtoto kama huyu apangiwe zamu inayolingana na saa za dawa. Jibu bado hatujapata. Tutayaingiza katika mazungumzo ya mkataba.

Kwa sasa jirani mmoja wa kambi amechukua kazi ya kumpa binti dawa asubuhi na kumwona akimeza. Baba amemweleza daktari kila kitu, na kipimo cha prednisoloni kimeanza kupunguzwa.

Wenzetu, kama yuko mzazi wa namna hii katika tawi lako, mlete kwa katibu. Asibebe mzigo huu peke yake.

Umoja ni nguvu.