Vuli yetu si vuli ya Ulaya: kupanda waridi kisiwani Mombasa

Neno vuli limetuletea mkanganyo katika bustani. Wafasiri wengi hulitumia kwa yale majira ya Ulaya ambapo majani hupukutika na baridi inakaribia. Kwetu watu wa pwani, vuli ni mvua chache za Oktoba hadi Disemba, kusi ikishalala na kaskazi haijashika vizuri. Kwa hivyo mtu wa Buxton akiambiwa kwamba waridi hupandwa wakati wa vuli, ameambiwa kweli. Lakini sababu si ile ya Ulaya, na akifuata maelekezo ya huko neno kwa neno, mche utamfia.

Ulaya hupanda wakati huo ardhi ingali na joto, ili mizizi ishike kabla ya barafu. Sisi hatuna barafu. Msimu wetu mkali ni kaskazi: Januari hadi Machi, mvua adimu, jua la kuchoma, na maji ya mfereji yenyewe huja kwa zamu. Mche uliopandwa Oktoba una miezi miwili au mitatu ya kuteremsha mizizi kabla ya jua hilo. Uliopandwa Januari, hata ukiwa umenunuliwa na maua matatu mazuri, unapambana nalo ukiwa mgeni. Ukikauka Februari, mwenyewe husema hana mkono wa maua. Mkono anao, ni mwezi ndio haukumfaa.

Jambo hili si dogo kwetu. Waridi ni pambo na pia ni mila: huingia kwenye kikuba pamoja na asumini na mrehani, hutandazwa kitandani kwa bibi harusi, na marashi yake hunyunyizwa kwa mrashi kwenye maulidi na harusi. Zamani mwanamke wa kisiwani alichuma uani kwake. Lugha yetu yenyewe imeviweka pamoja: ua la kukaa na ua la kunusa. Sasa nyua zinakwisha. Nyumba za zamani za Buxton zilibomolewa kuanzia mwaka 2021 na maghorofa yakainuka mahali pake, na Mji wa Kale nako vyumba vimeongezwa hadi kwenye nyua. Tusipojifunza kulea waridi kwenye ndoo na roshani, tutabaki kununua la kusafirishwa, lisilonukia.

Waridi gani?

Waridi la dukani, lenye shina refu na ua moja kubwa, kwa kawaida hutoka nyanda za juu kama Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya bahari, ambako usiku ni baridi. Hapa kisiwani joto la usiku ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Waridi la aina hiyo likiletwa kwetu hufungua upesi, hutoa ua dogo na huchujuka rangi. Hata waridi mashuhuri la Oman, linalopikwa marashi Jabal al-Akhdar, humea huko milimani kwenye kipupwe cha kweli.

Linalotufaa ni waridi la kichaka, lenye maua madogo yanayotoka kwa vichala mwaka mzima. Mengi ya jamii hiyo yana damu ya mawaridi ya Uchina, ambayo hayahitaji baridi ili yachanue. Njia rahisi kuliko zote ni kumwomba jirani ambaye waridi lake limedumu miaka kadhaa hapa hapa. Kata kijiti kinene kama penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, chenye macho matatu au manne. Ondoa majani ya chini, kichomeke nusu yake kwenye mchanganyiko wa kichanga na mboji, kiweke kivulini na usikiache kikauke. Hali ya unyevu ya vuli husaidia kijiti kushika.

Udongo wa matumbawe

Kisiwa chetu kimekaa juu ya matumbawe. Matumbawe ni chokaa, na chokaa nyingi huufungia mmea madini ya chuma. Ndiyo maana utaona majani machanga yamegeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Dawa ya kudumu ni mboji.

Mfano tunao karibu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe. Mvinje ulishika, lakini majani yake yaliyodondoka hayakuoza upesi. Wakaletwa majongoo, wakayatafuna, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo pale ni msitu, Haller Park. Ikiwa mwamba ule umevaa msitu, ua mdogo wa Buxton hauwezi kushindwa na kichaka kimoja.

Kama una ardhi, chimba shimo la sentimita 45 kwenda chini na upana kama huo, utoe mawe ya matumbawe, kisha ujaze udongo wa shamba uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Kama uko ghorofani, ndoo ya lita 20 yenye matundu chini inatosha. Weka sehemu mbili za udongo, moja ya samadi na moja ya kichanga cha mto. Mchanga wa ufukweni usitie: una chumvi, na makombe yaliyosagika ndani yake huongeza chokaa ile ile.

Mche wa kununua mara nyingi umebebeshwa, na utaona kifundo pale mti wa juu ulipounganishwa na shina la chini. Ulaya yenye baridi kali hukizika kifundo kukinga barafu. Hapa kiache juu ya udongo kiasi cha vidole viwili, kisioze kwa unyevu. Funika udongo kwa majani makavu au makumbi yaliyooshwa, lakini yasiguse shina.

Jua, maji na maradhi

Mahali bora ni upande wa mashariki: jua la asubuhi saa tano au sita, kisha kivuli alasiri. Maji ya kisima cha chumvi ni adui. Ukiona kingo za majani zimeungua kahawia, pengine ni chumvi. Tumia maji matamu, na hata maji ya kuoshea mchele yanafaa, bora yasiwe na sabuni wala chumvi. Mara moja kwa mwezi mimina maji matamu mengi hadi yatoke chini ya ndoo, yachukue chumvi iliyojikusanya. Usiache maji kwenye sahani ya chini. Hayo ni malezi ya mbu.

Mwagilia asubuhi, shinani, si juu ya majani. Hewa yetu ina unyevu, na majani yanayolala majimaji hushikwa na kuvu la madoa meusi. Majani yenye madoa yachume na uyatupe mbali. Vidukari waondoe kwa mkono, au nyunyiza maji yaliyolowekewa majani ya mwarobaini yaliyopondwa.

Wataalamu wa Ulaya huacha kuweka mbolea majira hayo kwa sababu waridi lao linakwenda kulala. Letu halilali. Wiki sita baada ya kupanda, anza kulipa samadi kidogo kila mwezi. Vichipukizi vya maua vya kwanza vikate, vyote, mpaka mwisho wa Disemba. Inauma, lakini nguvu ile inahitajika mizizini kabla ya kaskazi.

Kichaka kilichokwisha komaa kipunguze theluthi moja mwanzoni mwa Septemba, kipokee mvua na machipukizi mapya. Baada ya kukata, maua hurudi kwa wiki sita hadi nane. Mwenye harusi mwisho wa Disemba na akate tena kidogo mwanzoni mwa Novemba. Januari usikate, majani yale ndiyo mwavuli wa shina.

Kwa wasimamizi wa maghorofa mapya, ombi ni dogo: acheni ukanda mmoja wa ardhi upande wa mashariki usiotiwa saruji, watu wapande. Na kwako msomaji, usingoje ukanda huo. Ndoo ya rangi iliyokwisha iko nyumbani, na kijiti kiko kwa jirani. Kilichobaki ni kutazama tarehe, na Oktoba ikiingia, panda.