Kombe la Fedha la Ireland

Kombe la zawadi la Ireland ni chombo cha fedha chenye mikono miwili, kilichotolewa kwa mshindi wa mbio za farasi, ofisa au mtu aliyetukuka. Yanayotafutwa zaidi ni ya karne ya 18, hasa yenye mikono iliyopindwa kama kinubi.

Mkusanyaji makini huanza na mihuri, ambayo mara nyingi huwa chini ya kombe au karibu na ukingo. Chama cha masonara cha Dublin kilipewa hati ya kifalme mwaka 1637, kikakabidhiwa kazi ya kupima fedha. Kinubi chenye taji huthibitisha kwamba katika kila sehemu 1,000 za madini, 925 ni fedha. Zilizobaki kwa kawaida ni shaba, maana fedha tupu ni laini mno. Herufi moja hutaja mwaka, nyingine humtaja fundi. Hibernia, mwanamke aliyeketi, aliongezwa mwaka 1730 kuonyesha kuwa kodi imelipwa. Mji wa Cork haukuwa na ofisi ya kupimia, hivyo mafundi wake waligonga wenyewe neno STERLING.

Baada ya mihuri huja maandishi ya zawadi, na hapa ndipo wanunuzi wengi huingizwa mjini. Wenye kombe wa baadaye walizoea kukwangua jina la mshindi wa zamani au kuliziba kwa kiraka. Fedha ya mahali palipokwanguliwa hubaki nyembamba, ikabonyea kwa kidole gumba. Ukipuliza pumzi, ukungu huonyesha mshono wa kiraka. Kombe la namna hiyo limepoteza nusu ya habari yake, hata likipendeza vipi kabatini.

Afrika Mashariki nayo ilirithi desturi ya kushindania kombe: Kenya na Uganda zilianza kugombea Kombe la Gossage la soka mwaka 1926, chini ya udhamini wa watengeneza sabuni. Lakini kombe la ndondo, yaani mashindano ya soka ya mtaani, kwa kawaida ni plastiki au bati lililopakwa rangi. Hata huko Ulaya, baada ya Elkington wa Birmingham kupata hataza ya kuchovya fedha kwa umeme mwaka 1840, makombe mengi yalikuwa na ngozi tu ya fedha.

Weusi unaolijia kombe hutokana na salfa iliyomo hewani. Maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa laini hutosha kwa usafi wa kawaida; kulisugua kila wiki hufuta mihuri ileile inayolipa thamani.