Sukuma wiki ya Georgia na presha ya mama mkwe

Mdogo wangu ameolewa Atlanta, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Mumewe ni Mmarekani mweusi aliyesilimu. Mamake mume bado ni Mkristo, bibi wa miaka sabini na ushei aliyelea watoto watano kwa mkono wake mwenyewe jikoni. Mwaka jana bibi huyo alipatwa na kiharusi kidogo. Alipotoka hospitalini alipewa karatasi ya vyakula: kuku wa kuchemsha, mboga bila chumvi, mkate wa ngano nzima. Alikula siku tatu. Siku ya nne akaisukuma sahani, akasema afadhali afe ameshiba.

Usiku huo simu yangu ikalia hapa Mombasa. "Dada, wewe ndiye uliyesomea upishi. Mama hataki kula. Nifanye nini?"

Nikamwambia anitajie kwanza anachokipenda mama. Akataja: kuku aliyevishwa unga akakaangwa ndani ya mafuta mengi, majani ya koladi yaliyochemshwa muda mrefu na kipande cha nguruwe wa chumvi, kunde na wali, mabenda ya kukaanga, mkate wa mahindi, makaroni ya jibini, viazi vitamu vilivyozama kwenye siagi na sukari, na chai baridi, tamu kama sharubati.

Hebu msomaji isome tena orodha hiyo. Ukienda Kongowea asubuhi, nusu yake utarudi nayo kwenye kikapu. Koladi ni ndugu wa damu wa sukuma wiki yetu. Kunde na mabenda zilifika kule pamoja na Waafrika waliovushwa bahari utumwani. Posho ya mtumwa katika mashamba ya kusini kwa kawaida ilikuwa unga wa mahindi na nyama kidogo ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Mboga walijilimia wenyewe kwenye vijishamba vyao. Nguruwe ilikuwa kiungo cha kutia ladha, na kuku wa kukaanga alikuwa wa Jumapili au wa sherehe. Mafuta, sukari na unga mweupe vilipokuwa rahisi kununua, chakula cha sikukuu kikawa cha kila siku. Shida ilianzia hapo.

Na shida yenyewe imepimwa. Tangu 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Birmingham wamewafuatilia watu zaidi ya 30,000 wenye umri wa miaka 45 na kuendelea, katika utafiti uitwao REGARDS. Waliokula zaidi vyakula vya kukaanga, nyama za viwandani na vinywaji vya sukari, kwa mtindo wa kusini, walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya kiharusi na maradhi ya moyo. Mwaka 2018 watafiti hao walieleza kwamba, kati ya mambo waliyoyapima, ulaji huo ndio uliochangia zaidi tofauti ya presha kati ya Wamarekani weusi na weupe.

Basi nikamwambia mdogo wangu: usimnyang'anye mama chakula chake. Mwondolee kilichoingia baadaye.

Tulianza na koladi. Kaanga kitunguu maji na kitunguu thomu kwa kijiko kimoja cha mafuta. Mahali pa nguruwe tia kipande kidogo cha bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi, umtoe ngozi. Harufu ya moshi ndiyo mama aliyokuwa akiitafuta. Nyama hiyo tayari ina chumvi, kwa hivyo usiongeze. Malizia kwa siki na pilipili, kwa sababu ukali na uchachu huufanya ulimi usahau chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo ni ya vyakula vyote kwa jumla.

Tahadhari moja: mgonjwa anayetumia dawa ya warfarin ya kuzuia damu kuganda asiongeze wala kupunguza majani ghafla kabla ya kumwuliza daktari. Majani haya yana vitamini K nyingi, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Kuku mtoe ngozi, umlaze usiku kucha ndani ya maziwa lala yenye kitunguu thomu na pilipili manga. Uchachu wa maziwa hulainisha nyama. Asubuhi mvishe unga wa mahindi na chenga za mkate, mpake mafuta kidogo, umweke juu ya wavu ndani ya oveni ya nyuzi 200 kwa dakika kama arubaini, mpaka asibakie na wekundu ndani. Wavu ndio siri, kwani hewa ya moto hupita chini na juu, na ganda linakauka bila kuogelea mafutani.

Mkate wa mahindi upike kwa unga usiokobolewa, maziwa lala, yai na kijiko cha mafuta. Viazi vitamu vioke na maganda yake, uvinyunyizie mdalasini na kungumanga, maana sukari yake inatosha. Makaroni ya jibini yarudishe kwenye sikukuu.

Chai ndiyo iliyokuwa vita. Mama hutia vikombe viwili vya sukari kwenye galoni moja, karibu lita nne. Tulipiga hesabu tukapata vijiko sita vya chai katika kila kikombe, na yeye hunywa vitatu kwa siku. Tukapunguza robo kila wiki mbili, tukaongeza ndimu na majani ya nanaa. Alilalamika mara moja tu.

Shemeji alicheka aliposikia habari ya nguruwe kuondolewa, kwani Waislamu weusi wa kule walishapita njia hii. Elijah Muhammad, mzaliwa wa Georgia, aliwakataza wafuasi wake nguruwe na akaandika kitabu kuhusu ulaji mwaka 1967. Itikadi yake haikuwa yetu, na alipofariki 1975 mwanawe Warith Deen Mohammed aliwaongoza wengi kwenye Usunni. Lakini pai ya maharagwe waliyozoea kuipika bado inauzwa na Waislamu huko hadi leo.

Mama mkwe sasa anakula. Presha yake imeshuka, na dawa hajaziacha. Juzi alimwambia mdogo wangu kwamba koladi hizi zinamkumbusha za nyanya yake, aliyekuwa hana pesa ya kununua nyama kila siku.

Nilipokata simu nilitazama meza yangu mwenyewe: mahamri, viazi karai, chai ya maziwa vijiko vitatu, na ilikuwa Jumanne tu. Mamangu alikuwa akipika mahamri siku ya Ijumaa na siku ya mgeni. Na mimi, kwenye pochi yangu, nina kadi ya kliniki ya presha.