Sensa ya Msituni na Deni la Msamiati

Makala haya yananuia kufafanua jinsi ndege na wanyama wadogo wa msituni wanavyohesabiwa, na kuonyesha kwamba kazi hiyo inamhusu mwanaisimu pia. Tuchukue mfano wa msitu wa mivinje wa Bamburi, Mombasa bara, ulioanza kupandwa mwaka 1971 na René Haller katika machimbo ya kiwanda cha saruji. Vijitawi vya mvinje ni vyembamba kama sindano, mithili ya msonobari wa milimani, ingawa miti hii si jamaa moja.

Katika msitu kama huo, ndege huhesabiwa alfajiri. Mtafiti husimama kituoni kwa muda maalumu, tuseme dakika 10, akimwandika kila ndege anayemwona au kumsikia, kisha huhamia kituo kingine. Wengi husikika tu, hivyo sikio lililozoezwa ni la lazima.

Wanyama wadogo hunaswa kwa mitego isiyodhuru, wakatiwa alama na kuachiliwa. Tuchukulie kwamba siku ya kwanza wametiwa alama 20. Siku ya pili wananaswa 20, na 5 kati yao wana alama. Ikiwa wenye alama ni robo ya walionaswa, basi wale 20 wa mwanzo hukadiriwa kuwa robo ya wote; jumla ni takriban 80.

Hata hivyo, hesabu haina maana pasipo utambuzi sahihi. Mkazi akiulizwa ameona nini, huenda akajibu "panya" tu, ilhali Kiswahili kina buku, kirukanjia na sange. Buku ni mgugunaji kama panya. Kirukanjia si mgugunaji. Sange naye, utafiti wa vinasaba umedhihirisha kwamba yu karibu zaidi na ndovu na nguva kuliko panya. Aina moja ya sange, mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, huishi Arabuko-Sokoke, Kilifi, na imo hatarini kutoweka. Kumwita panya ni kumfuta katika orodha. Ajabu ni kwamba wanasayansi wanaoandika kwa Kiingereza sasa humwita "sengi", neno lenye asili ya Kibantu.

Aidha, fasili ya kamusi isemayo "aina ya ndege mdogo" haimsaidii mtafiti. Wanafunzi wa leksikografia hatuna budi kuandamana na wanabiolojia, tuyakusanye majina kutoka kwa wazee wa Kisauni, Likoni na Changamwe, na kuliambatanisha kila jina na umbo, sauti na makazi ya mwenyewe.