Michezo na Siasa: Maoni ya Mwanadiplomasia Mstaafu wa Bwera

Wako watu wasemao kwamba michezo na siasa ni vitu viwili visivyopasa kuchanganywa. Mzee mmoja wa hapa Bwera, aliyezitumikia balozi zetu ng'ambo miaka mingi kabla ya kurudi kulima kahawa, huyasikia maneno hayo na kucheka. Ametuomba tusilitaje jina lake, nasi askari, tunaoijua thamani ya siri, tumemkubalia. Maoni yake lakini hatukuona vema kuyaficha.

"Afande," alituambia, "waliovichanganya si sisi."

Alianzia mjini Munich, mwaka 1972. Tarehe 2 Septemba, John Akii-Bua, afisa wa polisi wa Uganda, alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Hakuna mwanadamu aliyekuwa amewahi kuzimaliza chini ya sekunde 48, naye alikimbia katika njia ya kwanza, ile ya ndani yenye kona kali. Siku tatu baadaye Wapalestina wenye silaha waliwavamia wanamichezo wa Israeli, na Waisraeli 11 wakapoteza maisha. Huku nyumbani, tangu mwezi wa Agosti, Idi Amin alikuwa amekwisha kutangaza kuwafukuza Waasia. Medali ile ya dhahabu, asema mzee, ndiyo habari njema pekee ambayo balozi zetu ziliweza kuwaeleza wageni mwaka ule.

Kisha ikaja Montreal, 1976. Tarehe 16 Juni watoto wa shule wa Soweto walipigwa risasi na polisi wa makaburu, na majuma machache baadaye timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikicheza Afrika Kusini kana kwamba hapakuwa na msiba. Nchi za Kiafrika zilidai New Zealand iondolewe katika Olimpiki. Zikajibiwa kwamba raga si mchezo wa Olimpiki. Nchi zikaribiazo 30 zikasusia, Uganda ikiwa mojawapo. Mmarekani Edwin Moses akashinda mbio za Akii-Bua kwa sekunde 47.63, akiivunja rekodi yake bila ya mwenyewe kuwapo. Mbio za mita 1,500 nazo zikachukuliwa na John Walker wa New Zealand hiyo hiyo, wakati Filbert Bayi wa Tanzania, aliyemshinda kwa rekodi ya dunia huko Christchurch mwaka 1974, hayumo.

Mzee angali anaunga mkono uamuzi ule. "Hatukuwa na mizinga ya kufika Pretoria," alisema. "Tulikuwa na miguu ya vijana wetu, tukaizuia." Anakumbusha kwamba mwaka 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana, katika mapatano ya Gleneagles, kuzuia michezo na Afrika Kusini, na kwamba nchi hiyo haikurudi katika Olimpiki hadi mwaka 1992.

Hapo tulimpinga. Je, Amin, aliyekuwa akiwaua raia wake mwenyewe, alikuwa na haki gani ya kuwafundisha wengine utu? Mzee alinyamaza kitambo, akasema kwamba ukweli haugeuki kuwa uongo kwa sababu mwongo naye ameusema. Jibu hilo halikuturidhisha sana. Lililotugusa ni lile aliloongeza: kwamba serikali ndizo zilizosusia, lakini waliolipa ni wakimbiaji. Akii-Bua alipata kushindana tena mwaka 1980 huko Moscow, baada ya kuikimbia nchi, naye hakuvuka nusu fainali. Alifariki mwaka 1997, akiwa na miaka 47. Henry Rono wa Kenya, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, hakukimbia katika Olimpiki hata moja, kwani Kenya ilisusia Montreal na tena Moscow.

Kuhusu Moscow, mzee ana hukumu nyingine. Baada ya Wasovieti kuingia Afghanistan, Rais Carter alimtuma Muhammad Ali barani Afrika, Februari 1980, aombe nchi zetu zisusie. Mjini Dar es Salaam Mwalimu Nyerere hakumpokea. Ali akaulizwa kwa nini Afrika iisaidie Marekani, ilhali Marekani haikuisaidia Afrika mwaka 1976. Akakiri kwamba habari ile hakuwa ameijua. Mwanadiplomasia wetu anamwonea huruma bondia yule. Mjumbe hauawi, asema, lakini anaweza kuaibishwa na mwenye kumtuma. Tanzania ilikwenda Moscow, ikarudi na medali za fedha za Bayi na Suleiman Nyambui, za kwanza katika historia yake.

Na siku hizi? Mzee ataja Urusi, iliyofungiwa na FIFA mwaka 2022 baada ya kuivamia Ukraine, akauliza mbona baadhi ya mataifa makubwa yaliyovamia wengine hayakufungiwa. Ataja pia barua ambazo Kongo ilizipelekea klabu za Arsenal, Bayern na Paris Saint-Germain mwaka 2025, ikizitaka ziache kuitangaza Rwanda katika jezi na viwanja vyao. Katika jambo hilo sisi, kwa cheo chetu, hatutii neno.

Lakini Kongo kwetu ni ng'ambo ya mto tu, na usiku wa tarehe 16 Juni 2023, tarehe ile ile ya Soweto, waasi wa ADF waliivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha iliyo jirani, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Tulimweleza mzee kwamba tungependa kuandaa mechi ya kandanda baina ya askari na vijana wa mpakani. Aliafiki, kwa sharti moja.

"Siku ya mpira msiwaulize habari za waasi. Mkiwauliza, mechi ya pili hawatakuja."

Tulimjibu kwamba adui hangoji siku. Akasema anajua, basi tuulize kesho yake. Tumeliandika sharti hilo kama alivyolitoa, ingawa wako wenzetu ambao hawatalipenda.