Kipokezi Kinenacho kwa Sentensi

Ipo dhana potovu, hata hapa Njoro penye Chuo Kikuu cha Egerton, kwamba Kiswahili hakiwezi kufundishia elektroniki. Hebu tuutazame ukosi ambao watafiti huwavisha ndovu wa Samburu. Ndani yake mna kipokezi cha setilaiti. Antena sharti ielekee juu, kwani mawimbi hutoka umbali wa kilomita 20,200 na hufika yakiwa dhaifu mno. Ndiyo maana ukosi huwekewa uzito upande wa chini. Vipokezi vingi huiarifu kompyuta kupitia waya, herufi baada ya herufi, kwa sentensi inayoanza kwa alama ya dola na kufungwa kwa alama za kuthibitisha usahihi. Mwanaisimu gani asivutiwe? Kisha kipokezi hulala ili betri idumu, saa yake pekee ikibaki macho. Kikizimwa kabisa, huhitaji nusu dakika au zaidi kuzisoma upya njia za setilaiti.

Je, msomaji, ni lipi hapo lisiloelezeka? Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Naamini mwanafunzi akaririye istilahi asizozielewa hatakiunda kifaa hiki, atakinunua tu. Walimu wenzangu, jukumu ni letu.