Kwa Nini Penisilini Haiponyi Kila Kikohozi cha Nguruwe

Wakati wa kiangazi, upepo huvuma Mtumba, mashariki ya Dodoma mjini, ukipeperusha vumbi na kuliingiza mabandani. Nguruwe huanza kukohoa, hasa akurupushwapo alfajiri; kisha huchelewa kukua ingawa anakula. Mfugaji hununua penisilini na kumchoma sindano. Mara nyingi kikohozi hakikomi.

Njia za hewa za nguruwe, kama zile za binadamu, zina ute na vinyweleo vidogo mno ambavyo hupiga kasia bila kupumzika, vikisukuma vumbi na vijidudu hadi kooni ili vimezwe. Amonia itokayo katika mkojo, ile hewa iwashayo macho ya mtu aingiapo bandani, huvidhoofisha. Naye bakteria aitwaye Mycoplasma hyopneumoniae, aliyetambuliwa Uingereza na Marekani mwaka 1965, hujishikiza juu yake na kuviharibu. Ulinzi ukiisha kuvunjika, bakteria wengine kama Pasteurella multocida hushuka mapafuni na kuleta kichomi kikali.

Penisilini huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa seli zao. Mycoplasma hana ukuta huo kabisa. Dawa haina cha kuvuruga. Oksitetrasaiklini, ambayo huzuia utengenezaji wa protini, yaweza kumdhibiti, na ni kazi ya daktari wa mifugo kuamua.

Kuvu nazo zina ukuta, lakini uliojengwa kwa vitu vingine, hivyo hazidhuriki kwa dawa yoyote kati ya hizo mbili. Aspergillus fumigatus huota katika pumba na matandiko yaliyolowa, na vimbegu vyake ni vidogo kiasi cha kufika mwisho wa mapafu. Kichomi cha namna hii si cha kawaida kwa nguruwe. Aghalabu ni kuku wanaopatwa nacho. Hata hivyo pumba zenye ukungu si za kudharauliwa: sumu ya kuvu wa jamii hiyo hiyo katika mahindi iliua watu mikoani Dodoma na Manyara mwaka 2016. Cha ajabu, chakula ambacho mtu hukikataa kwa harufu yake ndicho apewacho nguruwe.

Mapafu ya mnyama aliyekufa hutoa dalili. Mycoplasma huacha mabaka ya zambarau au kijivu sehemu za mbele na chini. Kuvu huacha vinundu vilivyotawanyika. Uthibitisho hupatikana maabara.

Wapo wanaoziba banda lote kwa magunia ili kuzuia vumbi. Vumbi hupungua, lakini amonia hubaki ndani pamoja na nguruwe. Afadhali kuziba upande wa upepo hadi kimo cha mnyama tu, kuacha wazi sehemu ya juu chini ya paa, na kuondoa mkojo kila siku.